Makaburi Yaliyokuwa Nje ya Mji

Ukitaka kujua mji wa Mombasa ulikoma wapi zama za mababu zetu, tafuta mava. Wachache tu, masharifu, mashekhe na wakubwa wa mji, ndio waliolazwa kando ya kuta za misikiti au katika viwanja vya jamaa zao. Umma ulipelekwa nje, pale nyumba za mwisho zilipoishia na mashamba yakaanza. Ndiyo sababu makaburi ya Manyimbo yako Tononoka. Leo Tononoka ni katikati ya kisiwa. Ina ukumbi wa kijamii, uwanja wa mikutano ya siasa, mahakama na nyumba za wafanyakazi za enzi ya ukoloni, na magari hayapungui barabarani tangu alfajiri hadi usiku. Lakini mji wa karne ya 19 ulikuwa umejikusanya ufukoni mashariki, kuikabili bandari ya majahazi: Kibokoni, Kuze, Ndia Kuu na mitaa iliyozunguka Ngome, yaani Fort Jesus. Huko nyuma kote kulikuwa minazi, miembe na mibuyu. Jeneza lililotoka msikitini likaelekea magharibi lilikuwa linatoka nje ya mji.

Kwa hiyo mava ya Mombasa yanaonyesha mipaka ya zamani ya mji, tena kwa uhakika kuliko ramani nyingi. Naona yanaonyesha na jambo zito zaidi: ni nani aliyehesabiwa kuwa wa mji. Kuzikwa kisiwani, katika ardhi ya nani, kwa jina au bila jina, ilikuwa ni hukumu juu ya uenyeji wa mtu. Hukumu hiyo imebadilika mara nyingi.

Mji wenyewe umehama. Mnamo 1976 Hamo Sassoon, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa msimamizi wa Fort Jesus, alichimba katika kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani, kaskazini ya Mji wa Kale na jirani kabisa na Tononoka. Alikuta mabaki ya mji wa Waswahili unaorudi nyuma hadi karibu karne ya 11. Wazee wa Mvita hawakushangaa. Mapokeo yao yanasema kwamba kabla ya Mvita palikuwa na Kongowea, mji wa malkia Mwana Mkisi, kisha akaja Shehe Mvita, mwanachuoni Mwislamu, ukaanza ukoo mpya wa watawala na mji ukachukua jina lake. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikuta watu washika dini, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na wenye kuosha miguu kabla ya kuingia humo. Hawa ni miongoni mwa wa kwanza kuzikwa kisiwani kwa kuelekezwa kibla, na ardhi yao leo imejengwa wodi za hospitali na madarasa ya shule.

Upande wa pili wa kisiwa, kusini magharibi, palikuwa na mji mwingine, Kilindini. Watu wake walikuwa taifa mojawapo la Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu, pamoja na Wachangamwe na Watangana, na katika karne ya 19 walihamia ndani ya Mji wa Kale. Walichoacha nyuma ni msikiti wa Mbaraki na nguzo yake.

Inafaa tusimame kidogo kwenye Nguzo ya Mbaraki. Ni mnara wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye uwazi ndani, uliosimama pembeni mwa msikiti wa karne ya 15. Ramani ya Wareno ya 1728 imeuonyesha, na wataalamu wanakadiria ujenzi wake kuwa mwanzoni mwa karne ya 18. Pwani yetu ina makaburi mengi ya nguzo: Malindi kando ya msikiti wa Ijumaa, Mnarani juu ya hori la Kilifi, Gede ambako kaburi moja limeandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, na Kunduchi kule Tanzania ambako nguzo zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema kwamba Mbaraki nako kuna mkubwa wa Kilindini aliyelala chini ya nguzo. James Kirkman, mtangulizi wa Sassoon pale Ngomeni na mchimbaji wa Gede, aliielekea rai hiyo. Sassoon alipochimba aliona mengine: msikiti ulikuwa umeachwa tangu karne ya 16, na mahali pale palikuwa pamegeuka pa kutambikia kabla nguzo haijainuliwa. Kwa rai yake nguzo ilikuwa makao ya pepo, na haikuwa alama ya maiti.

Mimi sioni haja ya kuchagua upande mmoja na kuutupa mwingine. Watu wa Mombasa wenyewe, waliokwenda Mbaraki na ubani na marashi kuomba mvua au uzazi, hawakutenganisha kwa ukali kaburi la mtukufu na mahali pa mzimu. Baadaye msikiti ukafufuliwa na sala zikarudi. Nguzo imebaki. Kila kizazi kimeisoma kwa imani yake, na hilo limeilinda kuliko uzio wowote.

Makaburi ya kawaida hayakuwa na ulinzi huo, kwa sababu hayakuwa na nguzo. Hapa inafaa kueleza maziko yenyewe yalivyo, maana umbo la mava linatokana nayo. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe uliofunikwa udongo haba, hivyo kaburi huchimbwa kwa sululu na mtaimbo zaidi kuliko jembe. Chini ya shimo hukatwa mwanandani, na humo maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia. Juu ya mwanandani hupangwa viunza ili mchanga usimguse, ndipo waliohudhuria hutia mchanga kwa makofi, talakini husomwa, na kaburi huinuliwa shubiri moja hivi. Maka iko karibu sawasawa na kaskazini ya Mombasa. Kwa hiyo Mwislamu wa kisiwani amelala kichwa mashariki, miguu magharibi, uso kaskazini. Mkristo aliyezikwa kwa desturi ya kale ya Ulaya amelala kinyume chake, kichwa magharibi, ili siku ya ufufuo ainuke akilikabili jua. Katika kisiwa kidogo kama hiki, wafu wa dini mbili wamegeukiana hivyo kwa zaidi ya miaka mia.

Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waswahili walio wengi, yana kanuni moja inayoeleza sura ya Manyimbo, Kikowani na mava mengine ya umma. Ardhi iliyotolewa kwa ajili ya Waislamu wote haijengewi juu ya kaburi, kwa sababu anayejenga anawabana wenzake. Maiti akishakuwa mchanga, mahali pake panaweza kumpokea mwingine. Ndiyo maana makaburi ya umma hayana majumba wala kuba. Yana majiwe mawili, la kichwani na la miguuni, labda na mrehani uliopandwa na jamaa, na baada ya vizazi viwili hayana hata hayo. Mgeni huyatazama akadhani pametupwa. Hapakutupwa, bali pamepangwa patumike tena. Mava yanayoonekana tupu yanaweza kuwa na tabaka kadhaa za watu, babu chini na mjukuu juu yake.

Waliotaka jina lao libaki walihitaji kiwanja chao wenyewe, na mfano mkubwa ni makaburi ya Mazrui, hatua chache kutoka lango la Fort Jesus. Ukoo huu ulitoka Oman, ukaitawala Mombasa kwa karibu karne nzima, kwanza kwa niaba ya Oman, kisha kwa kujitegemea tangu miaka ya 1740, hadi Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipoutwaa mji mwaka 1837. Mahali pa makaburi yao panasema yote: jirani na Ngome waliyoishika, kwenye mlango wa mji. Lakini kiwanja hicho kinasema na kwa wasiokuwamo. Baada ya ushindi wake Sayyid Said aliwakamata wakuu wa ukoo, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, wakafia gerezani huko. Na Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 baada ya pwani kufanywa himaya, alivuka mpaka akaingia upande wa Wajerumani, akamalizia umri wake Dar es Salaam. Walioshindwa kisiasa walinyang'anywa pia haki ya kulala kwao.

Ukoo huohuo ulitoa mtu aliyeubadilisha mtazamo wa Mombasa juu ya wafu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha kijarida cha Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Alipigania elimu na akakemea bidaa, na wanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambao nao walishika ukadhi mkuu mmoja baada ya mwingine, waliendeleza kazi hiyo. Kuomba makaburini na matumizi makubwa ya matanga yakawa mambo ya kujadiliwa hadharani. Wengine hawakukubaliana nao, na ziara za makaburi ya mawalii zingaliko pwani hadi leo. Lakini tangu wakati huo kaburi lisilo na pambo limekuwa pia msimamo wa dini kwa wengi, si alama ya ufukara peke yake. Mwanawe Sheikh Al-Amin, Profesa Ali Mazrui, alifariki Marekani mwezi Oktoba 2014 baada ya kuishi huko karibu nusu ya umri wake. Mwili wake ukaletwa Mombasa, ukasaliwa msikiti wa Mbaruk, na akazikwa tarehe 19 katika makaburi ya ukoo wake mbele ya Ngome. Kiwanja kilichowekwa na watawala kikampokea mwanazuoni.

Wakristo walianza vibaya kisiwani. Wareno walijenga Fort Jesus kuanzia 1593, wakawa na makasisi wa Augustino na makanisa. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyebatizwa Goa kwa jina la Dom Jerónimo, alimuua kapteni wa Ngome na kuufuta utawala wao kwa muda. Wareno wakarudi, wakazingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndani ya kuta hizo maradhi yaliua kuliko mizinga. Kulifika wakati ambapo Ngome ililindwa na Bwana Daudi wa Faza na Waswahili wake, maana Wareno wa kuishika walikuwa wamekwisha. Mzingiro mrefu kama ule hauachi mava yenye mpango, na Mwislamu na Mkristo waliokufa humo walizikwa palepale walipopata nafasi. Mwaka 1824, Waingereza walipojaribu himaya yao ya kwanza kwa ombi la Mazrui, Luteni John James Reitz alikufa kwa homa baada ya miezi michache tu akazikwa Mombasa. Hori linalopita nyuma ya kisiwa bado linaitwa Port Reitz.

Kaburi la Kikristo lililoacha alama halikuwekwa kisiwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina. Tarehe 13 Julai mwaka huohuo Rosina alifariki kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akamfuata. Rosina alikuwa ametaka azikwe bara, njiani wanakopita Wamijikenda, ili kaburi lake liwasemeshe wapitao. Akazikwa ng'ambo, Mkomani, na hapo panaheshimiwa hadi sasa na makanisa ya pwani. Naona katika uamuzi huo jambo ambalo wanahistoria wa misheni hawalikazii vya kutosha. Mwaka ule mji wa kisiwani haukuwa na mahali pa kumweka Mkristo kama mtu wa kwao, na Krapf alilijua hilo. Ukristo wa Mombasa ulianzia ukingoni, upande wa bara. Miaka thelathini baadaye ukaota mizizi upande huohuo, Freretown, katika makazi ya watumwa walioachiwa huru. Watu waliochukuliwa Nyasa na Uyao, wasioweza kurudi makwao, walizika huko wafu wao wa kwanza, na kwa kaburi hilo wakawa wenyeji.

Reli ikaja. Kati ya 1896 na 1901 zaidi ya vibarua 31,000 wa Kihindi, wengi wao Wapunjabi, waliletwa kujenga reli ya Uganda, na hesabu ya serikali ilitaja vifo 2,493. Walioshuka Kilindini wakafa njiani walizikwa au kuchomwa kando ya reli. Mmoja wao ndiye mwenye kaburi linalojulikana kuliko yote katika barabara ya Nairobi: Sayyid Baghali Shah, fundi aliyezikwa Mackinnon Road. Watu husimulia kwamba karai la kokoto lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Leo kuna msikiti hapo, na madereva wa malori na mabasi, Waislamu kwa wasiokuwa, husimama kuomba salama ya safari. Waliobaki Mombasa wakajenga maisha na mauti yao kwa jumuiya: Mabohora, Waithnaasheri, Waismailia, Wahindu na Masingasinga kila mmoja alitaka mava yake au mahali pake pa kuchomea. Serikali ya kikoloni, iliyopenda kugawa watu kwa rangi na dini, haikuona shida.

Hapo ndipo ukingo wa mji ulipoanza kukimbia. Bandari ya kisasa ilijengwa Kilindini, reli ikakata kisiwa, Majengo yakajaa vibarua, na barabara pana ikapita katikati ya yaliyokuwa mashamba. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai pwani ayaandikishe mbele ya ofisa wa serikali, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Kwa mtu wa Thelatha Taifa au Tisa Taifa, yale mataifa mengine tisa ya Waswahili wa mji, hili lilikuwa jambo la ajabu. Mava hayakuwa mali ya mtu hata yaandikishwe. Yalikuwa wakfu kwa kutumiwa, na shahidi wake alikuwa yule aliyelala ndani. Palipokuwa na mtu wa kusimama na kudai, mava yalipata hati chini ya wakfu. Kwingine ardhi ilihesabiwa kuwa tupu, kwa sababu ileile niliyoitaja, kwamba kaburi la Kishafii huachwa lisawazike na ardhi. Kanuni ya unyenyekevu ikawa udhaifu mbele ya karani wa ardhi. Tume ya Wakfu ya Kenya, yenye makao yake Mombasa, imerithi sehemu ya mzigo huo, na hadi leo kesi za viwanja vya misikiti na mava hazijaisha.

Serikali hiyohiyo ya kikoloni ilijua kuhifadhi kaburi ilipotaka. Nenda makaburi ya Mbaraki, upande wa Kilindini, utazame sehemu inayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mawe yamesimama mistari iliyonyooka, kila moja na jina, cheo, kikosi na tarehe. Ni makaburi ya wanajeshi na mabaharia wa vita viwili vikuu vya dunia, na ni vizuri yanavyotunzwa hivyo.

Kisha rudi kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta, kando ya Tononoka, kwenye sanamu za shaba za askari Waafrika na Waarabu. Ziliwekwa mwaka 1927, sawa na zile za Nairobi na Dar es Salaam, kwa ukumbusho wa waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Hakuna jina hata moja. Mombasa ilikuwa mlango wa vita ile: baada ya kushindwa Tanga mwezi Novemba 1914 jeshi lililotoka India lililetwa hapa na majeruhi wake, na baadaye wapagazi kwa maelfu walisajiliwa, wakapelekwa kusini, wakafa kwa kuhara, malaria na njaa. Rekodi za Waingereza zenyewe zinahesabu vifo vya wapagazi wa Afrika Mashariki kwa makumi ya maelfu. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ilitoa ripoti ya kamati yake maalumu ikakiri, ikaomba radhi: waliokufa vita vya kwanza wasiokumbukwa kwa majina, au wasiokumbukwa kabisa, ni 116,000 kwa uchache na huenda wakafika 350,000, wengi wao watu wa Afrika na Mashariki ya Kati. Halikuwa suala la kukosa karatasi. Maofisa wa miaka ya 1920 waliamua kwamba Mwafrika hahitaji kaburi la peke yake, eti haelewi maana yake. Waliyaandika hayo wakati mwanamke wa Kibajuni alikuwa akipanda mrehani juu ya kaburi la mwanawe kisiwani humuhumu.

Waarabu wa Mombasa nao walikuwamo katika vita hiyo. Meja Arthur Wavell alikusanya kikosi cha Waarabu wa mji, wengi wao watu wa Hadhramaut, na Januari 1916 aliuawa pamoja na wenzake kadhaa huko Mwele, katika milima ya Shimba. Mwele ndiyo ngome iliyokuwa ya Sheikh Mbaruk miaka ishirini kabla.

Vita vya pili vikaongeza wafu wasio na ardhi. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kuelekea Ceylon. Mojawapo ya meli hizo, Khedive Ismail, ilibeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi na wanajeshi wengine. Tarehe 12 manowari ya Japani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walipotea. Majina ya askari Waafrika yaliandikwa kwenye ukumbusho ulioko Nairobi, na hilo lilikuwa badiliko kutoka vita vilivyotangulia. Lakini bandari waliyoiona mara ya mwisho wakiwa nchi kavu ni yetu.

Nimesema kwamba kaburi ni hukumu juu ya uenyeji, na hapa inabidi niseme habari ya walio wengi Mombasa leo. Mhadhrami, Mngazija, Mbaluchi au Mbajuni aliyefia Mombasa alizikwa Mombasa siku ileile au ya pili yake, maana dini yake haipendi maiti asafirishwe. Kizazi chake kikapata ziara mjini, na kwa ziara hiyo kikawa cha mji. Mluhya, Mjaluo, Mkamba au Mkikuyu aliyefanya kazi bandarini miaka thelathini, aliyezaa na kusomesha Tononoka au Changamwe, akifa hupelekwa bara, kwa boma la baba yake. Hilo ni pendo la kwao na mimi siligusi. Kesi ya 1987 ya maziko ya wakili Mjaluo S.M. Otieno, iliyoisha kwa kumzika kwao Nyalgunga badala ya Ngong, karibu na Nairobi, iliionyesha Kenya nzima nguvu ya desturi hiyo. Lakini matokeo yake kwa historia ya Mombasa ni makubwa. Mava ya kisiwa hayawaonyeshi watu waliopakua meli na kuendesha garimoshi. Atakayesoma makaburi peke yake atadhani hawakuwapo, na hivyo ndivyo siasa ya pwani ilivyosema mara nyingi, kwamba wao ni wapitaji. Kwa upande mwingine, mwenye kusema hivyo asisahau kwamba wenye makaburi nao walifika kwa jahazi.

Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ya Mombasa na watu 1,208,333. Kisiwa hakina ardhi mpya ya kuzikia. Manyimbo na Kikowani zinaendelea kupokea maiti kwa sababu ya kanuni ya kutumia tena. Saruji ndiyo inayoisumbua kanuni hiyo: kila kaburi linalozungushiwa matofali na vigae linaondolewa katika mzunguko. Kamati za misikiti zinalijua hilo na husema, na jamaa aliyefiwa hasikii. Mbaraki, ambako Wakristo huzikwa kwa sanduku na jiwe la kudumu, hakuna mzunguko kabisa, kwa hiyo tatizo lake ni la hesabu tupu.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Fort Jesus iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Milango ya nakshi na baraza zimepimwa, zimechorwa, zimepigwa picha. Maandishi ya makaburi hayakupata bahati hiyo. Kwenye viwanja vya misikiti ya kale kuna mawe yenye majina, nasaba na tarehe za Hijria, na chokaa inabanduka kila msimu wa mvua. Jiwe moja lenye nasaba ya vizazi vitano lina thamani kwa mwanahistoria kuliko mlango mmoja wa nakshi, maana mlango unaweza kuchongwa tena. Kazi ya kuyanakili haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu asomaye Kiarabu, kamera, ruhusa ya kamati, na mzee wa mtaa wa kusema nani alikuwa nani.

Ukingo wa mji, wakati huohuo, umeshavuka maji. Leo uko Mwakirunge, Kisauni, kwenye ardhi iliyo jirani na jaa la taka, ambako huzikwa maiti wasiodaiwa kutoka hospitali za serikali. Kabla ya kuzikwa, sheria hutaka tangazo litolewe, na magazeti huchapa orodha: baadhi kwa majina kamili, baadhi kwa jinsia na umri wa kukisia tu. Jamaa asiposoma gazeti la siku hiyo, maiti huingia kaburi la pamoja. Kuweka namba kwenye kila kaburi, na kuihifadhi namba hiyo pamoja na tangazo na cheti cha hospitali katika daftari moja la kaunti lililo wazi kwa umma, ni kazi ya karani mmoja. Jamaa wa Turkana, Kwale au Kigoma atakayefika baada ya miaka kumi akiuliza ndugu yake, ataweza kuonyeshwa mahali.